Mapokeo na Utunzi Mpya katika Albamu ya Miero ya Kundi la Värttinä

Je, wimbo uliotungwa leo unaweza kuitwa wa jadi? Swali hilo linajitokeza kwa namna ya pekee katika Miero, albamu iliyotolewa mwaka 2006 na kundi la Värttinä la Ufini. Kundi hili, ambalo jina lake lina maana ya kijiti cha kusokotea uzi, lilianzishwa mwaka 1983 huko Rääkkylä, Karelia Kaskazini, nalo lilijulikana kwanza kwa kuimba nyimbo za kale za wanawake. Katika Miero, Mari Kaasinen, Susan Aho na Johanna Virtanen wanaimba tungo za wanakundi wenyewe. Hata hivyo, ukale haujatoweka, kwa kuwa umehifadhiwa na bahari ya utunzi.

Bahari hiyo, ambayo ndiyo ya utenzi wa Kalevala, ina mshororo wa mizani nane. Msomaji wa tenzi za Kiswahili atajihisi nyumbani, kisha atatafuta vina asivione. Mahali pa vina pamechukuliwa na takriri ya sauti mwanzoni mwa maneno, na mshororo wa pili huweza kulirudia wazo la wa kwanza kwa maneno mengine. Yaelekea tofauti hii imetokana na lugha zenyewe: mkazo wa Kifini hukaa kwenye silabi ya kwanza ya neno, ilhali wa Kiswahili hukaa karibu na mwisho. Hata lahani ya kimapokeo hufuata hesabu hiyo. Silabi sita huenda kwa kasi moja, mbili za mwisho huvutwa maradufu, nazo nane zikajaza mapigo matano. Mapigo yasiyo shufwa ambayo Värttinä hupenda yana asili humo.

Uamuzi wa busara zaidi wa albamu hii ni kuelekea kwenye laana. Anwani zenyewe zinatisha: Riena ni kufuru, Valhe ni uongo, Synti ni dhambi. Miero ni ulimwengu wa nje anakotangatanga aliyekosa makao, akiombaomba kijiji hadi kijiji. Miongoni mwa tanzu za ushairi simulizi wa Karelia kuna maneno ya uganga, na nguvu ya maneno hayo iko katika kutamkwa. Laana mpya haina upungufu wowote mbele ya laana ya kale. Katika utanzu huu, shutuma kwamba kundi linaigiza mapokeo inakosa mashiko.

Tena, mapokeo yenyewe hayakuwa bikira. Elias Lönnrot, katika Kalevala ya mwaka 1835 na ile ya 1849, aliunganisha na kurekebisha beti za waimbaji mbalimbali. Mjadala uliofuatia Kichomi cha Kezilahabi (1974) uliwahi kuilinganisha arudhi na minyororo. Miero inaonyesha arudhi ikitumika kama chombo cha kutungia.

Dosari iko studioni. Pale kiitikio kinaporejelewa vilevile kwa mtindo wa nyimbo za redio, ule usambamba wa mawazo, ambao hurudia kwa kubadilisha, hulegea. Aidha, ngoma na gitaa hupandishwa mara nyingine hadi takriri za konsonanti zikafunikwa, na msikilizaji asiyejua Kifini akabaki na hasira ya sauti pasipo ufundi wa maneno yaliyoibeba.