DX7: Kazi Nzuri Utaijuaje

Nimechoka kusikia kazi mbovu ikisifiwa kwa sababu tu imetoka kwenye kinanda cha zamani. Siku hizi ukiisimamisha Yamaha DX7 jukwaani, na ule mwili wake wa kahawia iliyokolea na vibonyezo bapa vya kijani, makofi huanza kabla noti ya kwanza haijalia. Juzi nilimsikiliza mpigaji mmoja mwenye vidole vyepesi akimaliza wimbo mzima kwa E.PIANO 1, ile sauti ya piano ya kiwandani. Wanamuziki waliokaa nyuma yangu walikuwa wakiambiana kwamba hiyo ndiyo sauti yenyewe ya miaka ya 1980. Haikuwa. Kila noti ilitoka na rangi ileile, ya kwanza hadi ya mwisho, na kwa DX7 hilo ni kosa kubwa kuliko kukosea wimbo.

Tangu 1983 wapiga vinanda hawajaelewana kuhusu chombo hiki. Waliolelewa na Minimoog, Prophet-5 na Jupiter-8 wanasema ni baridi, kina ukali wa kioo, na kukipanga ni adhabu: hakuna swichi za kuzungusha, kuna kidirisha cha mistari miwili na namba zisizokwisha. Wengine, nami nimo, tunasema hakuna kinanda cha enzi ile kilichousikiliza mkono wa binadamu kama hiki. Nimekaa katika mabishano haya muda mrefu, na naona kwamba pande zote mbili zinaeleza kwa ukweli kile zilichokisikia. Waliosikia baridi walimsikia mpigaji baridi.

Jambo ambalo asiyejua hulipita kila mara ni velositi ya moduleta, yaani jinsi opereta inayoipa nyingine rangi inavyoitikia nguvu ya mkono. Ataizungumzia algorithimu, yaani mpangilio wa opereta, atakuhesabia opereta 6 zinazounda sauti, atakutajia zile algorithimu 32 kana kwamba amezichora yeye, lakini hatakuuliza moduleta inafanya nini mkono unapozidisha nguvu. Hapo ndipo roho ya kinanda hiki ilipo. Velositi ikiwekwa kwenye keria, opereta inayosikika yenyewe, ukibonyeza kwa nguvu unapata sauti kubwa zaidi, basi. Ikiwekwa kwenye moduleta, noti inageuka tabia: mkono mwepesi unatoa sauti ya mviringo, karibu ya filimbi, mkono wa wastani unaiamsha, mkono mzito unaikwaruza hadi inatoa cheche. Kila opereta ina kipimo chake cha velositi, kutoka 0 hadi 7, na kazi ya fundi ni kugawa namba hizo ndogo kwa busara.

Itazame E.PIANO 1 yenyewe, ambayo watu huidharau kwa kuwa imetumika mno. Iko kwenye algorithimu ya 5, jozi tatu za keria na moduleta. Opereta ya 2 imewekwa kwenye uwiano wa 14, nayo ndiyo inayotoa ule mlio wa chuma mwanzoni mwa noti, kama nyundo inayogusa ulimi wa piano ya umeme ya Rhodes. Velositi yake ni 7, ya juu kabisa. Maana yake ni kwamba aliyeipanga alitaka chuma kile kisikike pale tu mpigaji anapokiita. Mtu anayepiga noti zote kwa uzito mmoja anakiacha chuma kikilia bila kupumzika, au anakizima wimbo mzima. Halafu watu wanasema DX7 haina hisia.

Kuna na jambo la kibodi. Kibodi ya DX7 ya kwanza haifiki kwa urahisi kwenye velositi za juu kabisa, na sauti zake zilipangwa kwa kibodi hiyo. Ukiziendesha sauti hizohizo kupitia MIDI, kwa kibodi ya kisasa inayofika 127 bila taabu, moduleta zinafunguka kupita kiasi na sauti inakuwa kali ya kuumiza sikio. Nusu ya malalamiko ninayoyasikia kuhusu ukali wa DX7 chanzo chake ni hapo. Fundi hupunguza velositi ya kibodi yake kwanza, ndipo aanze kuhukumu.

Wala msiniambie kwamba haya ni mapendeleo yangu tu. Ndiyo msingi ambao FM ya vinanda, mbinu ya opereta moja kuitetemesha nyingine, ilijengwa juu yake. John Chowning, pale Chuo Kikuu cha Stanford, aliigundua mwaka 1967 alipokuwa akichezea mtetemo wa sauti: alipouongeza kasi kupita kiasi, sikio likaacha kusikia mtetemo likaanza kusikia rangi mpya. Lakini rangi peke yake haikutosha. Jean-Claude Risset, huko Bell Labs, alikuwa ameichambua tarumbeta na kuonyesha kwamba kadiri noti inavyopanda nguvu ndivyo haramoniki za juu zinavyojitokeza. Chowning akalishika hilo, akaufanya ukali wa moduleta upande na kushuka pamoja na ukubwa wa sauti, na kompyuta ikatoa shaba inayosadikika. Watengenezaji wa ogani wa Marekani, Hammond na Wurlitzer, walionyeshwa wasione kitu. Yamaha waliona.

Kwa hiyo shaba ya DX7 isiyong'aa zaidi mpigaji anapokaza mkono, au anapopuliza kwenye kile kifaa cha BC1 kinachoshikwa mdomoni, haifai, hata ikiwa nzuri kiasi gani kwa noti moja.

Mzee mmoja aliyenifunza, mpiga kinanda wa bendi ya hoteli pwani ya Mombasa, alikuwa na desturi iliyowaudhi wenzake. Kila walipoingia ukumbi mpya alikaa mbele ya spika na kukishusha kiwango cha opereta ya 2 ya E.PIANO 1 hatua moja moja kutoka 58, akipiga noti ileile, hadi chuma kikae mahali pake katika chumba kile. Wenzake wanakunywa chai, yeye anasikiliza. Nilipomuuliza kwa nini asigeuze tu ile treble ya kwenye mixa, alinijibu: "Mwanangu, ile inakata noti zote. Mimi nataka kuukata mkono wangu mzito tu." Hadi leo sijasikia maelezo bora ya kupanga sauti.

Upande wa pili kuna matapeli. Nilimjua mmoja aliyeuza katriji ya sauti "zake" kwa bei ya kuumiza. Nilipozifungua, piano yake ilikuwa E.PIANO 1 iliyobatizwa jina jipya la herufi 10: algorithimu ya 5, uwiano wa 14, na opereta ya 2 ikiwa palepale kwenye 58. Hakuwa amegusa namba hata moja. Wako pia wanaoisimamisha DX7 mbele kama pambo huku sauti ikitoka kwenye kompyuta ndogo iliyofichwa nyuma. Kutumia kompyuta si dhambi. Dexed ni programu ya bure na inafanya kazi njema. Dhambi ni kupokea sifa za chombo ambacho waya wake haujachomekwa.

Vipimo vingine navitaja kwa ufupi, kwa sababu anayejua anavijua. Besi nzuri haihitaji opereta zaidi ya nne. Kengele iwe na uwiano usio kamili, kama ule wa 3.50 ulio kwenye TUB BELLS, na mlio wake wa juu ufe kabla ya ule wa chini. Kengele inayokufa yote kwa pamoja ni sufuria. Fidibaki ya 7 waachiwe wanaotafuta upepo na mawimbi. Nyuzi za DX7 usizipige peke yake. Na usizamishe kila sauti ndani ya korasi: nikisikia korasi nzito najua kuna envelopu zilizopangwa kwa uvivu chini yake. Ule mchakacho mdogo unaosikika noti inapofifia ni wa chombo chenyewe, cha biti 12, na wanaoupangusa kwenye kompyuta wanapangusa kitu nikipendacho.

Pwani tuna mtihani mmoja zaidi. Maqam ya bayati inadai robo toni, na DX7 ya 1983 haina. Uwezo wa kupanga toni hizo ulikuja na DX7II mwaka 1987. Mwenye ile ya kwanza anabaki na gurudumu la kupinda sauti, mkono wa kushoto ukiitafuta toni noti kwa noti huku wa kulia ukiongoza wimbo. Anayeweza kufanya hivyo, na bado akaijaza moduleta yake pumzi, huyo ni fundi mbele ya mtu yeyote, Tokyo au Unguja. Anayeipiga bayati kwa toni zilizonyooka kisha akakilaumu kinanda, muda wake aliutumia kwingine.

Zamani bendi ilikuwa na kinanda kimoja na mpigaji wake alikuwa na daftari. Humo aliandika kwa kalamu kasi na viwango vya envelopu, R1, L1, R2, L2, namba kutoka 0 hadi 99, opereta baada ya opereta, kwa sababu betri ya ndani ikifa kumbukumbu zote 32 zinapotea. Daftari lilimlazimisha kujua kila namba imekaa pale kwa sababu gani. Watu hawakuazimana madaftari hayo hovyo. Leo kijana anapakua maelfu ya sauti kwa usiku mmoja, anazipitia kwa kidole, na hakuna hata moja anayoweza kuitengeneza ikimharibikia jukwaani. Mwanamuziki Brian Eno anaheshimiwa kwenye DX7 kwa sababu alikaa na chombo kimoja akakizamia, wakati wengi walikuwa wakikikimbia kutafuta kipya.

Basi utakapokutana na mtu anayesifiwa kwa DX7 yake, mwombe akupigie noti moja mara tatu: kwa upole, kwa wastani, na kwa nguvu. Kifunike kwa mkono wako kile kidirisha cha majina, usikilize. Kama kilichobadilika ni ukubwa wa sauti peke yake, usipige makofi, hata kinanda kiwe cha 1983 na mwenyewe awe rafiki yako.