Kinyago na Mchongaji Wake: Uhakiki wa "The Masks"

Katika mfululizo wa televisheni uitwao The Twilight Zone, uliotolewa na CBS nchini Marekani baina ya 1959 na 1964, kila mchezo ulisimama peke yake, una wahusika wake na mwisho wake. Tunaoushughulikia hapa, "The Masks", ulionyeshwa mara ya kwanza tarehe 20 Machi 1964. Mtunzi wake ni Rod Serling, na mwelekezi ni Ida Lupino, mwanamke pekee aliyeelekeza mchezo katika mfululizo ule wa awali.

Kisa chenyewe ni chepesi. Jason Foster, tajiri wa New Orleans, anakaribia kufa. Bintiye Emily amefika kutoka Boston pamoja na mumewe Wilfred na watoto wao wawili, Paula na Wilfred mdogo. Hakuna aliyekuja kuuguza, wamekuja kungoja. Ni usiku wa Mardi Gras, na mzee awapa sharti: wavae vinyago vilivyotengenezwa na fundi mmoja mkongwe mpaka saa sita ya usiku, la sivyo watapata nauli tu ya kurudi kwao. Mwenyewe avaa fuvu la mauti. Saa sita yagonga, mzee akata roho, warithi washangilia na kuvua vinyago. Nyuso zao zimekwisha kugeuka zikawa vinyago vile vile.

Kiswahili kina barakoa na kina kinyago. Barakoa husitiri uso; kinyago huchongwa kitazamwe, nacho hutisha au huchekesha. Neno moja la Kiingereza limebeba maana zote mbili, na Serling amelitumia kwa hila. Jason awaambia jamaa zake kwamba desturi ni kuvaa kinyume cha tabia ya mtu. Basi wao wadhani wamepewa barakoa, kumbe wamevishwa vinyago.

Lakini wahenga walisema kwamba kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Nani aliyemchonga Emily? Woga wake, na malalamiko ya maradhi yasiyokwisha, vilianzia katika nyumba ya nani? Mtunzi halidokezi swali hili. Jason aketi kama kadhi asiye na ujana wala makosa, ilhali anayehukumiwa ni damu yake. Kwamba wahusika ni bapa, kila mmoja na ila yake moja, twaweza kumsamehe Serling kwa Wilfred na watoto, maana mchezo ni wa nusu saa. Kwa Emily hatuwezi.

Yapo pia ya sheria. Mtazamaji wa pwani yetu aliyezoea faraidhi, ambamo wosia haupiti theluthi ya mali na fungu la mrithi halimo mikononi mwa anayekufa, atashangaa kuona mzee mmoja akiwatawala watu wanne kwa karatasi. Louisiana yenyewe, kwa kurithi sheria za Ufaransa na Hispania, wakati ule ilimkinga mtoto asinyimwe kabisa bila sababu maalumu. Serling amelipita jambo hili kimya. Emily angesimama akaidai haki yake, mchezo ungekuwa mwingine, na pengine bora zaidi.

Ufundi wa Lupino, hata hivyo, hauna shaka. Kwa muda mrefu hatuoni nyuso. Twasikia sauti zikilalamika na kusihi kutoka katika midomo isiyotikisika, chumbani mle mle, huku nje mji ukisherehekea. Polepole jicho huvizoea vinyago, likaanza kuviona kuwa ndio watu. Yanapofika mageuzi yenyewe, mtazamaji ameshayakubali nusu yake bila kujua.

Mwishoni daktari amfunua Jason, na chini ya fuvu uso umetulia. Daktari aona humo amani ya mauti. Sisi twaona upendeleo wa mtunzi. Atakayesema kwamba kinyago cha mauti kilimpa mzee mauti yenyewe hatakosea sana, lakini mauti yalikuwa yakimngoja tangu jioni. Alivaa saa zile zile, kinyago cha fundi yule yule, nacho hakikumwachia alama.