Mtepe: hesabu iliyoua chombo cha kushonwa

Fundi wa Pangani au Kigombe akiunganisha mbao za jahazi leo hupigilia misumari, kisha huziba nafasi kwa kalafati ya pamba iliyolowa mafuta. Fundi wa mtepe hakugusa msumari hata mmoja. Alishona. Maelezo tunayopewa kuhusu kupotea kwa chombo hicho ni mafupi: msumari ulikuwa bora, kamba ikashindwa. Mimi siyakubali, na sababu yangu imo katika kazi yenyewe.

Mtepe ulianzia nje kuja ndani. Mkuku ulilazwa kwanza, mbao za ubavu zikapandishwa moja juu ya nyingine, na mataruma yakaingizwa baadaye kufuata umbo lililokwisha kupatikana. Ili mbao zisihame, vigingi vyembamba vilipitishwa mshazari kutoka ubao mmoja kwenda mwingine. Hapo keekee ikaanza kazi: matundu pembezoni mwa kila ubao, yakitazamana. Juu ya kiungo, upande wa ndani, ulilazwa mkanda wa makumbi, na kamba ya usumba ikapita tundu hadi tundu ikiubana mkanda huo. Mwisho kila tundu liligongewa kijiti. Kijiti hicho kilizuia maji, na pia kiliikaba kamba isilegee, hivyo uzi ukikatika mahali pamoja mshono wote haukufumuka.

Kamba yenyewe ilikuwa kiwanda kizima. Makumbi ya nazi hufukiwa kwenye matope ya ufukweni kwa miezi, huchimbuliwa, hupigwa mpaka nyuzi ziachane, ndipo husokotwa. Faida yake ni kwamba usumba huvumilia maji ya chumvi kuliko kamba nyingi za mimea, na ukilowa huvimba, basi mshono hukaza pale pale unapohitajika kukaza. Juu ya ganda hilo ulisimama mlingoti mmoja wenye tanga la mraba, nalo lilikuwa mkeka wa majani ya mnazi au mkindu. Chombo kizima kingeweza kutoka katika shamba la minazi na msitu wa mikoko.

Kwa nini ushone? Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, ameeleza kwamba Bahari ya Hindi ina miamba mingi: chombo cha misumari kikigonga mwamba huvunjika, cha kamba hunepa. Watu wa Tanga wana mfano wa karibu. Mwaka 1498 merikebu ya Vasco da Gama iitwayo São Rafael ilipanda kwenye mafungu karibu na Tongoni, na Januari 1499, wakati wa kurudi, Wareno wakaichoma moto huko huko. Wapo wanaopenda kuitumia hadithi hiyo kuonyesha udhaifu wa misumari. Haionyeshi hivyo. Mwaka 1498 merikebu ilielea tena maji yalipojaa. Ilichomwa kwa sababu mabaharia wengi walikuwa wamekufa kwa maradhi na waliobaki hawakutosha kuendesha vyombo vitatu. Merikebu haikushindwa na mwamba. Ilishindwa na upungufu wa mikono, na ugonjwa huo ndio ulioukuta mtepe karne nne baadaye.

Maana mtepe ulivuja. Ulivuja ukiwa mpya, ulivuja ukiwa mzee, na safari nzima kulikuwa na mtu ngamani akifua maji. Kamba zilichakaa zikahitaji kushonwa upya, matundu yakazibwa tena, ganda likapakwa mafuta ya papa. Kwa shehena ya boriti haikuwa na neno, kwani boriti hailowi ikaharibika. Ndiyo maana mitepe ya Wabajuni ilidumu katika biashara hiyo kutoka upande wa Lamu hata baada ya vyombo vya misumari kuenea pwani nzima.

Kihesabu, basi, mtepe ulikuwa na vifaa vya bei ya chini na kazi isiyokwisha. Jahazi ni kinyume chake: chuma cha kununua, kazi kidogo baadaye, na tanga la pembe tatu linaloweza kuukabili upepo. Bei ya mikono nayo ilibadilika: utumwa ulipigwa marufuku Unguja na Pemba mwaka 1897, pwani ya Kenya 1907, Tanganyika 1922. Katika miaka hiyo hiyo msumari ulizidi kuwa rahisi kupatikana, na kazi ya mikono ikawa na ujira. Nadhani hapo ndipo mizani ilipogeuka. Kufikia miaka ya 1930 mitepe ilikuwa imekwisha baharini.

Marekani kuna kisa cha jamii hiyo hiyo: zile reli za burudani za mbao, ambazo vibehewa hupandishwa kileleni na kuachiwa viporomoke. Nazo hujengwa zinepe, nazo hudai seremala kila msimu. Thunderbolt ya Coney Island, iliyojengwa 1925, ilibomolewa mwaka 2000. Leap-the-Dips ya Altoona, Pennsylvania, ni ya 1902; ilifungwa 1985, ikatengenezwa, ikafunguliwa tena 1999. Ubao ni ule ule. Aliyelipa maseremala ndiye aliyeleta tofauti.

Pesa pekee, hata hivyo, haishoni. Tim Severin alipojenga Sohar huko Sur, Oman, ili asafiri hadi China mwaka 1980, ilibidi washonaji waletwe kutoka visiwa vya Lakshadweep, India. Zanzibar ilijaribu kwa njia yake: mwaka 2003 mtepe ulijengwa upya na kuwekwa katika ukumbi wa Beit al-Ajaib, wajenzi wakitegemea sana picha na mifano midogo. Jengo hilo nalo liliporomoka kwa sehemu Desemba 2020, baada ya miaka ya kungoja matengenezo.

Anayetaka kuona kiungo cha kamba kikifanya kazi baharini atazame ngalawa zinazoingia Deep Sea, mjini Tanga. Mirengu yake imeungwa kwa kufungwa, ili wimbi likiinua upande mmoja kiungo kicheze badala ya kukatika. Siku hizi kamba nyingi ni za nailoni, hazivimbi zikilowa, na wavuvi huzikaza mara kwa mara kwa mkono.