Negativu Moja, Watoto Wawili

Wayoruba wa Nigeria huzaa mapacha kwa wingi kuliko karibu watu wengine wote duniani, na wapigapicha wao walibuni kazi inayotokana na hali hiyo. Pacha mmoja akifariki kabla hajapigwa picha na mwenzake, wazazi walimpeleka studio yule aliyebaki. Mpigapicha alimpiga picha peke yake, kisha akaingia chumba cha giza na kuichapisha negativu ile ile mara mbili juu ya karatasi moja, ubavu kwa ubavu. Taiwo na Kehinde, majina ya mapacha kwa Wayoruba kama Kulwa na Doto kwetu, wakakaa pamoja tena. Kama marehemu alikuwa wa jinsia nyingine, aliyebaki alivishwa nguo za kiume akapigwa, akavishwa za kike akapigwa tena, na picha mbili zikaunganishwa kuwa moja. Mtafiti Stephen Sprague aliandika juu ya kazi hizi mwaka 1978. Alieleza jinsi picha hiyo ilivyoweza kushika nafasi ya ibeji, sanamu ndogo ya mti iliyochongwa kwa ajili ya pacha aliyekufa.

Wapo wanaoamini kwamba picha ya kweli ni ile isiyoguswa, na kila kinachoongezwa ni uongo. Wamwambie hivyo mama wa pacha. Yeye alijua barabara ni nani aliyeketi mbele ya kamera na ni nani aliyekosekana. Alitaka karatasi ionyeshe kwamba alizaa wawili, na hilo kamera peke yake isingeweza kulisema. Ilihitaji mkono wa fundi.

Pwani ya Kenya nayo ilikuwa na fundi wa namna hiyo. Omar Said Bakor, aliyezaliwa mwaka 1932 na kufariki mwaka 1993, alijifunza upigaji picha mwenyewe na akaendesha studio yake Lamu. Alikata, akaunganisha, akachapisha picha juu ya picha, hata sura ya mteja ikatokea mahali ambapo sura ya binadamu haikai. Mtazamaji anaona mara moja kwamba mambo hayo hayawezekani, na raha ya picha iko hapo hapo. Mteja aliondoka studio na kitu kilichomtoa katika hali yake ya kila siku, kikiwa bado na uso wake mwenyewe.

Ufundi wenyewe unategemea kanuni moja ya filamu, nayo inastahili kuelezwa polepole. Mwanga ukigusa filamu, huacha alama. Pasipoguswa, filamu hubaki inangoja. Mpigapicha akimweka mtu mbele ya kitambaa cheusi, sehemu kubwa ya filamu haijatumika. Anaweza kuirudisha nyuma na kupiga kitu kingine juu yake, mnazi au mawimbi, na mwanga wa pili utakaa hasa pale ambapo wa kwanza haukufika. Akitaka mtu mmoja aketi pande zote mbili za meza, huziba nusu ya lenzi kwa kadi nyeusi, hupiga, humhamisha mtu, huziba nusu ya pili, hupiga tena. Kamera isitikisike hata kidogo. Na mwanga lazima ugawanywe: picha mbili zinazoangukiana, kila moja ikipewa mwanga kamili, zitaunguza filamu na sura zitafifia. Kwa hiyo fundi wa mbinu hizi hana uhuru mkubwa kama anavyodhaniwa. Analazimika kuujua mwanga kuliko mwenzake anayepiga harusi mchana kweupe, kwa sababu anafanya hesabu ya kitu ambacho bado hajakiona.

Jerry Uelsmann, Mmarekani aliyefundisha Chuo Kikuu cha Florida kuanzia mwaka 1960, aliifikisha hesabu hiyo mbali sana. Katika chumba chake cha giza alipanga mashine kadhaa za kukuzia picha, kila moja ikiwa na negativu yake, akaihamisha karatasi moja kutoka mashine hadi mashine. Hapa anga, pale mizizi ya mti, kule nyumba. Kwa mikono yake alizuia mwanga usifike pasipotakiwa. Kosa moja katika mashine ya mwisho liliharibu yote yaliyotangulia. Programu ya Photoshop ilipotoka mwaka 1990, kazi hiyo ikawezekana kwenye kompyuta bila dawa wala giza, lakini Uelsmann aliendelea na mashine zake.

Kuna mbinu zinazofanyika mbele ya kamera, kabla chumba cha giza hakijahusika. Mwaka 1948 mpigapicha Philippe Halsman alitaka kumpiga picha mchoraji Salvador Dalí akiwa hewani, na kila kitu kinachomzunguka kiwe hewani pia. Mchoro na kiegemeo chake vilining'inizwa kwa waya, na mke wa Halsman akainua kiti. Wasaidizi walihesabu, kwa pamoja wakarusha paka watatu na ndoo ya maji, Dalí akaruka. Halsman akakimbia kusafisha filamu ili aone kilichopatikana, huku wengine wakiwafuta paka na kukausha sakafu. Walirudia mara 28, karibu saa sita. Leo mtu anaweza kukusanya paka, maji na mtu kutoka picha tofauti kwa dakika chache. Lakini ule mkunjo wa maji, uliopinda kama upinde katikati ya chumba, haukuchorwa na mtu. Ulitokea wenyewe, na uzuri wake unatokana na subira ya watu waliokubali kulowa mara 28.

Mpigapicha Gjon Mili naye mwaka 1949 alikwenda Vallauris, Ufaransa, kwa mchoraji Picasso, akamwonyesha picha za wanamichezo wa kuteleza kwenye barafu waliofungwa taa ndogo viatuni. Picasso akashika taa, chumba kikatiwa giza, shata ikaachwa wazi. Akachora hewani. Mchoro haukuwahi kuonekana chumbani mle ukiwa mzima. Filamu tu ndiyo iliyoukusanya.

Na pengine kazi nzito kuliko zote katika ukoo huu ni ya Hiroshi Sugimoto, Mjapani aliyeanza mwaka 1976 kupiga picha za kumbi za sinema. Alifungua shata filamu ilipoanza kuonyeshwa, akaifunga ilipokwisha. Mapigano, mabusu, vilio, majina ya waigizaji, vyote vikajumlishwa juu ya negativu moja na kutoa mstatili mweupe mtupu, unaong'aa. Mwanga wa mstatili huo ndio ulioangaza viti, nguzo na nakshi za ukuta. Hakuna alichoongeza wala kukata. Alirefusha muda tu, na hadithi ya saa mbili ikageuka taa ya chumba.

Simu za sasa zina mbinu nyingi za namna hii ndani yake, na si vibaya. Tatizo huanza mtu anapobonyeza kitufe bila kujua anachokiomba, kwa kuwa matokeo huja yakiwa yamekwisha, sawa na ya jirani yake. Anayetaka kujifunza kwa mkono anaweza kuanza bila kamera kabisa. Mwaka 1842 John Herschel, Mwingereza, aligundua uchapaji wa samawati: dawa mbili zenye chuma huchanganywa, hupakwa kwenye karatasi gizani, karatasi ikakauka. Jani au utepe wa lesi huwekwa juu yake, vyote vikaanikwa juani. Kisha karatasi huoshwa kwa maji ya kawaida. Palipopigwa na jua hubaki samawati iliyokolea, palipofunikwa hubaki peupe.

Mwaka uliofuata Anna Atkins, Mwingereza mtaalamu wa mimea, alianza kutumia njia hiyo kutoa kitabu cha mimea ya baharini ya Uingereza, kazi aliyoiendeleza kwa takriban miaka kumi. Alitegemea jua la Uingereza, ambalo mara nyingi hujificha. Paje na Jambiani, ambako wanawake wa Unguja hulima mwani maji yanapokupwa, jua lipo karibu mwaka mzima na mwani umejaa. Mwalimu wa sanaa wa huko, akipata dawa hizo mbili na karatasi nzito, anaweza kumaliza somo zima kabla ya adhuhuri, na kila mwanafunzi akarudi nyumbani na picha ya mwani uliovunwa na mama yake.