Keith Hernandez na banti zisizopigwa

Wakimbiaji wawili wako uwanjani, mmoja besi ya kwanza, mwingine besi ya pili, na hajatolewa mtu. Kwa miaka mingi makocha wa besiboli Marekani hawakuhitaji kufikiri sana wakifika hapo. Mpigaji hazungushi gongo. Analikinga tu mbele ya mpira ili udondoke na kubiringika polepole kwenye nyasi. Hiyo ndiyo banti. Yeye mwenyewe atatolewa, lakini wenzake watasogea hadi besi ya pili na ya tatu, na pigo moja zuri baada ya hapo linaweza kuwafikisha wote nyumbani, pale anaposimama mpigaji, na kuwapa alama. Biashara hiyo ililipa karibu kila mahali, ila si pale besi ya kwanza ilipolindwa na Keith Hernandez.

Hernandez, mzaliwa wa San Francisco, alichezea St. Louis Cardinals hadi Juni 1983 alipohamishiwa New York Mets, na akatwaa ubingwa na timu zote mbili, 1982 na 1986. Kuanzia 1978 hadi 1988 alishinda Gold Glove, tuzo ya ulinzi bora, mara 11 mfululizo, na hakuna mlinzi mwingine wa besi ya kwanza aliyefikisha idadi hiyo. Tuzo hizo zinatuambia alikuwa bora. Hazituambii alikuwa akifanya nini, na hicho ndicho kinachostahili kutazamwa kwa makini.

Katika ulinzi wa kawaida dhidi ya banti, mlinzi wa besi ya kwanza anashughulikia mipira ya upande wake, na mrushaji anashuka kutoka kilima anachotupia kufuata ile inayoelekea upande wa besi ya tatu. Mlinzi wa besi ya tatu hutamani kubaki kwake, kwa sababu mkimbiaji wa mbele anakuja huko. Basi mpigaji mwerevu huupeleka mpira upande wa tatu kwa nguvu ya kutosha kumpita mrushaji. Mlinzi yule akitoka kuuokota, besi yake inabaki tupu.

Hernandez aliharibu hesabu hiyo kwa kuwahi. Kanuni hazimruhusu mrushaji kukatisha mwendo akishaanza kutupa kuelekea nyumbani, na Hernandez aliichukua hatua hiyo kama ruhusa ya kuondoka. Toka besi ya kwanza hadi nyumbani ni futi 90, yaani mita 27.4. Mpira ulipokuwa bado angani, yeye alikuwa anaumeza umbali huo kama kipa anayetoka langoni kufunga pembe. Alifika karibu kiasi kwamba mara nyingine aliokota banti zilizokwisha vuka katikati ya uwanja kwenda upande wa besi ya tatu, mipira ambayo kwa desturi haikumhusu hata kidogo. Huku nyuma mlinzi wa besi ya pili alikwenda kufunika besi ya kwanza aliyoiacha, na mlinzi wa besi ya tatu angeweza kubaki kwake akisubiri kutupiwa.

Hernandez alitupa kwa mkono wa kushoto, na hapo mkono huo ndio ulioamua mambo. Mtu anayekimbia kutoka besi ya kwanza kuelekea nyumbani ana uwanja wote kuliani kwake, besi ya pili na ya tatu zikiwemo. Anayetupa kwa mkono wa kushoto hutanguliza bega la kulia kule anakolenga. Kwa hiyo Hernandez alipoinama na kuokota, bega lake lilikuwa limekwisha elekea uwanjani. Alibakiwa na kazi ya kusimamisha miguu na kuachia. Mwenye mkono wa kulia angepaswa kuuzungusha mwili wote kwanza ili bega la kushoto litangulie, na wakati huo mkimbiaji naye anazidi kupiga hatua.

Alichokitafuta ni kumtoa mkimbiaji wa mbele kwenye besi ya tatu. Kwa kuwa wakimbiaji wamejaa nyuma yake, huyo hana hiari ya kubaki, na mlinzi hahitaji kumgusa: akiushika mpira na kuikanyaga besi mapema, kazi imekwisha. Tazama wapinzani wanabaki na nini. Wamepoteza mtu, na bado wana wakimbiaji wawili kwenye besi zilezile mbili za mwanzo. Wametoa kafara bila kupokea kitu.

Haya yote yana hatari, nami naona ujasiri wake hausemwi vya kutosha. Mpigaji aliyejifanya anataka kupiga banti anaweza kulirudisha gongo nyuma na kupiga kwa nguvu zote, huku mlinzi akiwa mbele yake, anakuja mbio, na glavu iko chini. Kukimbilia hapo mchezo baada ya mchezo kunahitaji kusoma mikono na miguu ya mpigaji kwa uhakika mkubwa. Hernandez alisoma wapigaji namna hiyo, akazungumza na warushaji wake bila kuchoka, na mwaka 1987 Mets walimfanya nahodha wa kwanza katika historia ya klabu.

Tatizo ni kwamba kitabu cha takwimu hakina safu ya banti ambazo kocha wa upande wa pili aliamua kutoziagiza. Besi ya kwanza imezoeleka kuwa hifadhi ya mpigaji mwenye nguvu ambaye miguu yake imechoka, na watu huikumbuka kazi ya ulinzi pale inapoharibika tu. Tarehe 25 Oktoba 1986, katika uwanja wa Shea, mpira uliopigwa na Mookie Wilson wa Mets ulipita kati ya miguu ya Bill Buckner, mlinzi wa besi ya kwanza wa Boston Red Sox, Mets wakashinda mchezo wa sita wa fainali. Buckner alikuwa mpigaji hodari mwenye vifundo vya miguu vilivyoumia, na tukio hilo moja likaifunika kazi yake ya miaka zaidi ya 20. Katika uwanja huohuo, usiku uleule, upande wa Mets, besi ya kwanza ilikuwa ya Hernandez. Ni wangapi wanaoweza kutaja mpira mmoja aliouzuia?

Wapiga kura wa Ukumbi wa Mashujaa wa besiboli kule Cooperstown walitazama mipigo yake 162 ya kuvuka uzio, idadi ndogo kwa mtu wa besi ya kwanza, wakamwacha nje. Naamini walikosea. Walimpima kwa kazi ambayo besi ya kwanza hudaiwa siku zote, wakati yeye alikuwa ameipa kazi nyingine: kuwanyima wapinzani mbinu waliyoitegemea tangu zamani, kwa mbio za mita chache na bega lililokwisha elekezwa kunakotakiwa.