Karti ya depanaje: nimesoma artikle zake zote 11

Wandugu wa lisansi, na nyinyi mungali kwenye oditware, leo siandiki juu ya mozaiki ya muhogo. Ninaandika juu ya karatasi moja ya kurasa mbili, iliyokunjwa mara tatu, ambayo inazunguka hapa Lubutu tangu miezi miwili. Wanaiita karti ya depanaje. Unalipa dola 60 kwa mwaka, unapewa karti yenye picha yako na namba ya simu, na moto yako ikikufa njiani unaita, mekanisye anakuja. Njo vile wanavyosema. Jina la kikundi sitalitaja, kwa sababu aliyeniletea ile karatasi ni mtu tuliyekaa naye benchi moja miaka mitano Kisangani, na kesho asubuhi tutaonana tena sokoni.

Alinikuta nyumbani jioni, niko natoa matope kwenye shene. "Ndugu, weye njo unaihitaji kuliko watu wote," akaniambia. "Unaenda Bitule, unaenda Obokote, unashuka mpaka njia ya Punia. Dola 60 ni nini?" Nikamwomba aniachie karatasi niisome. Akashangaa kabisa. Akasema watu 40 wameshasaini na hakuna hata mmoja aliyeomba kusoma. Bon, hapo njo nikaamua kusoma.

Niseme kwanza kwamba sikuisoma kwa roho mbaya. Mtu yeyote anayefanya kazi yangu ana usiku mmoja ambao angeulipia dola 60 ili usitokee. Wangu ni wa mwaka jana. Nilikuwa natoka upande wa Kisangani na magunia mawili ya mbegu ya mpunga, ya kikundi cha mama 14 waliokuwa wameshafyeka, wameshachoma, wanangojea mbegu tu. Kilometa 90 kabla ya kufika, maji yakaingia kwenye kabureta, na nilipoifungua gizani kifuniko kidogo kikanianguka kwenye matope. Mvua ikanyesha mpaka asubuhi. Plastiki niliyokuwa nayo ilifunika gunia moja. Kesho yake lori likanibeba kwa dola 25, na siku tatu baadaye gunia la pili lilikuwa limeota ndani kwa ndani, meupe kama ndevu za mzee. Mbegu ya dola 70 hivi. Lakini ile bei si kitu. Nusu ya zile mama walipanda mbegu ya kula, ile waliyokuwa nayo nyumbani, na mpaka leo mmoja wao akiniona anasalimia moto yangu kwanza, halafu mimi.

Kwa hiyo nilipofungua karatasi nilikuwa natafuta swali moja tu: usiku ule, wangekuja?

Artikle ya 3 inasema msaada unatolewa "ndani ya kilometa 40 kutoka centre". Usiku ule nilikuwa kilometa 90. Artikle ya 4 inasema muda wa kungojea unahesabiwa "tangu abone anapopiga simu". Wandugu, mnaijua RN3. Ukishaacha Lubutu unaelekea Wanie-Rukula, rezo inakuwa kama ndege wa porini, unaisikia kidogo juu ya mlima, ukishuka imeruka. Ukielekea Walikale, ukishapita Tingi-Tingi, ni vilevile. Njia ya Punia, kabla hujavuka Lowa, simu inabaki kuwa taa ya mkononi. Mtu akikwama ambapo hakuna rezo, kwa maneno ya artikle ya 4 hajakwama bado. Anaanza kukwama siku atakapopata rezo.

Artikle ya 5: vipuri ni juu ya abone. Kikundi kinalipa mkono wa mekanisye na mafuta ya kumfikisha. Hiyo ni haki, siipingi. Lakini artikle ya 7 njo iliyonifanya niweke karatasi chini na kunywa maji. Inasema kikundi hakina wajibu wowote katika "forsi mazere: mvua kubwa, daraja kuvunjika, burbie, miti kuanguka, na usalama mdogo". Sasa niambieni. Hapa kwetu, karibu na ekweta, mvua inanyesha karibu mwaka mzima. Ukiitoa mvua, ukitoa burbie, ukitoa miti na madaraja, kinabaki nini? Inabaki pancha ya shambreri, mchana, mbele ya kanisa.

Nikachukua kalamu, nikahesabu mwaka wangu uliopita. Moto ilinikatalia mara 7. Shambreri mara 4, jumla dola 6. Shene ilikatika mara moja, dola 12, na kwa hizo 12 mkono wa fundi ulikuwa dola 2 tu. Kabureta nyingine, kilometa 70 kutoka hapa, dola 5. Na ule usiku, dola 25 za lori. Jumla dola 48. Sasa nitoe yale ambayo karti ingelipa: shambreri mbili zilizokuwa ndani ya kilometa 40, dola 3, na mkono wa fundi kwa shene, dola 2. Dola 5. Nalipa 60, wananirudishia 5.

Lakini hesabu hiyo peke yake si kritiki ya haki, na ningemwambia vilevile mwanafunzi angeniletea kazi ya namna hiyo. Hakuna bima duniani inayokurudishia ulichotoa kila mwaka. Ingefanya hivyo ingekufa. Unalipia usiku mmoja katika miaka mitano. Mtu anaweza kutoa dola 60 kila mwaka, asipate kitu miaka minne, na bado akawa amefanya akili, kama mwaka wa tano wanamtoa kwenye shimo ambalo lingemmaliza. Kosa la hii karti si kwamba ni ghali. Kosa ni kwamba imegeuzwa kichwa chini. Inalipa yale ninayoweza kulipa mwenyewe kutoka mfukoni, na inakimbia lile moja ambalo siliwezi. Shambreri haijawahi kumfilisi mtu.

Mwenzangu nilipomwambia hivyo akajibu kwamba huko Ulaya mambo ni hayohayo, wanaweka mipaka. Ni kweli, wanaweka. Lakini historia ya hivi vyama inafaa kusomwa, maana ina kicheko ndani. Chama cha Waingereza kinachoitwa AA kilianza mwaka 1905, na kazi yake ya kwanza haikuwa kutengeneza gari. Wenye magari walituma vijana juu ya baiskeli waangalie wapi polisi wamejificha kupima mwendo, wawaonye wanachama. Mahakama ilipowabana, mwaka 1910, wakageuza akili: kijana alikuwa anampigia saluti kila mwanachama anayepita, na kitabu cha chama kikawaambia wanachama kwamba siku asipopiga saluti, simama umuulize kwa nini. Kuonya ni kosa, lakini kutopiga saluti si kosa. Sisemi tuige, polisi wa rulaje wa hapa nao wanasoma. Nasema hivi: wale watu walijiuliza kwanza ni nini hasa kinachotusumbua njiani, halafu wakaanzisha chama juu ya kile kitu. Hawakuanza na karti.

Na sisi kinachotusumbua ni mvua. Hapa nisamehewe, agronomia inaingia. Kuna hatari zinazokuja kwa mtu mmoja mmoja, na kuna hatari zinazokuja kwa watu wote siku moja. Shene ya moto yangu haijui shene ya moto yako. Lakini mvua ikipiga njia usiku mzima, abone wote walioko njiani wanakwama pamoja. Kikundi kina mekanisye watatu na moto moja ya huduma. Hilo nimeliuliza, hawakulificha. Mtu wa nane kupiga simu atafanyiwa nini? Njo maana wameandika artikle ya 7. Hawakuiandika kwa wizi, ndugu zangu, waliiandika kwa woga, na woga wao una hesabu.

Hilo tatizo wakulima wamelijua zamani. Kenya, mwaka 2009, walianzisha bima ya mbegu na mbolea iliyoitwa Kilimo Salama. Hakuna mtu aliyekwenda shambani kuangalia kama mahindi ya baba fulani yamekauka kweli. Kulikuwa na kituo cha kupima hali ya hewa. Kipimo kikionyesha mvua imepungua chini ya kiasi walichokubaliana, kila aliyejiandikisha kwenye kituo kile analipwa, kwa simu. Ilikuwa na udhaifu wake: kituo kinaweza kupata mvua na shamba lako likakosa. Lakini ilikuwa na ushujaa ambao hii karti haina. Ilichukua lile jambo ambalo wengine wangeliita forsi mazere, ikaliweka liwe kiini cha mkataba.

Nataka pia kusema neno juu ya watu wa burbie, kwa sababu karatasi inawadharau. Inasema karti "itamwokoa abone na unyang'anyi wa vijana wa barabarani". Wale vijana wenye pao na mbao njo depanaje yetu ya kweli tangu zamani. Wako palepale, hawahitaji rezo, na hawana artikle ya 7. Bei yao inapanda mvua ikizidi, sawa. Na watu wanasema wengine wanachimba shimo usiku ili walivuse mchana; sijaona kwa macho, lakini nimeona shimo lenye umbo la pao. Hata hivyo, usiku wangu wa mbegu, aliyenipa nafasi chini ya majani ya mgomba alikuwa mmoja wao, na hakuniomba hata franka moja. Kikundi chenye akili kingewalipa hao vijana kitu kidogo kwa mwezi, kikawafanya kuwa watu wake njiani, badala ya kuwaita wanyang'anyi.

Na hapa kuna donge langu jingine. Sisi tayari tunalipia hii njia. FONER iliundwa kwa sheria ya mwaka 2008 ili kutunza barabara, na pesa yake inatoka kwenye mafuta na kwenye péage. Kila lita ninayotia, hata ile ya kununua kwa Kadhafi kwenye chupa, ilishakatwa kitu huko juu. Kununua karti ya kutolewa kwenye shimo ni kulilipia shimo mara ya pili. Simlaumu mwenzangu kwa hilo. Lakini katika ile karatasi neno "barabara" limeandikwa mara nyingi, na hakuna popote linaposema ni ya nani.

Je, hakuna mtu inayemfaa? Yupo. Nimemfikiria dada mmoja muuguzi, anatembea kwa moto kwenye vijiji vya karibu, mara nyingi peke yake. Hajui kufungua gurudumu, na kila fundi akimwona na koti jeupe anaongeza bei. Yeye habaki mbali na centre zaidi ya kilometa 30, rezo anayo, na kinachomuuma si mvua, ni kudanganywa. Bei iliyoandikwa ni kinga kwake. Nilimwambia wazi: weye nunua, lakini omba kulipa kwa miezi mitatu mitatu, ili uone kama wanakuja. Kwa vijana wa moto ya teksi hapa mjini, sioni faida. Wanalala mlango kwa mlango na mekanisye.

Kitu kimoja hakikunifurahisha kabisa: juu ya karti wameandika "asiransi". Hilo neno lina sheria yake. Tangu kodi ya bima ya Machi 2015, SONAS haiko peke yake tena, makampuni mengine yanaruhusiwa, lakini kila mmoja anapaswa kuwa na kibali cha ARCA. Na kama watu wanataka kusaidiana kwa michango, kuna sheria ya mitialite ya Februari 2017. Bima ile ya lazima, ya kumlipa uliyemgonga, ni dosie nyingine kabisa, na karti hii haigusi hata kidogo. Kuna kijana alinionyesha karti yake akidhani sasa polisi hawawezi kumuuliza kitu. Hilo neno lifutwe kabla halijamfikisha mtu pabaya.

Yote haya nilimwambia mwenzangu Jumapili, chini ya mwembe, si nyuma yake. Hakukasirika kama nilivyoogopa. Alikasirika kidogo pale kwenye "woga". Nikamwambia mimi sinunui hii karti. Mimi na wenzangu watatu tumeshaanza likelemba ya vipuri: kila mmoja dola 3 kwa mwezi, tumenunua shambreri, shene, buji, na kabureta moja nzima, viko vijiji vinne tofauti kwa watu tunaowaamini. Na plastiki mbili nzito. Zile ziko kwenye moto yangu, hazishuki.

Akachukua karatasi yake, akakata neno "asiransi" kwa kalamu. Akaangalia artikle ya 7 muda mrefu. Halafu akaniuliza: "Nikitoa mvua tu kwenye hii orodha, nikaacha daraja na miti, na nikapandisha mpaka dola 80, utalipa?"

Nikasema nitalipa. Akasema anaenda kuongea na wale mekanisye watatu. Hajarudi bado, na tangu Jumapili mvua imenyesha kila usiku.