Heko, Wachoraji wa Ukuta wa Berlin

Pongezi zangu ziwaendee wachoraji wa East Side Gallery, kipande cha Ukuta wa Berlin kilichojaa picha. Usiku wa kuamkia 13 Agosti 1961, serikali ya Ujerumani Mashariki ilianza kuufunga mpaka na Berlin Magharibi, ukuta ukajengwa, ndugu wakatenganishwa na ndugu. Kwa miaka 28, upande wa mashariki wa ukuta ulibaki mtupu, kwani aliyeusogelea aliweza kupigwa risasi.

Baada ya ukuta kuanguka Novemba 1989, wasanii 118 kutoka nchi 21 walishika brashi, wakaupaka rangi upande huo uliokatazwa, kando ya mto Spree, kwa urefu wa zaidi ya mita 1,300. Dmitri Vrubel aliwachora Brezhnev, kiongozi wa Muungano wa Kisovieti, na Honecker, kiongozi wa Ujerumani Mashariki, wakibusiana mdomoni. Birgit Kinder alichora gari la Trabant likiupasua ukuta. Mwaka 2009, wengi wao walirudi kuzichora upya picha zilizochakaa.

Nawavulia kofia kwa sababu hawakukubali dhuluma ile isahauliwe. Wametuachia ushahidi ambao hata asiyejua kusoma anauelewa: kuta za utengano hujengwa na watu, na watu hao hao wana uwezo wa kuzibomoa. Hongereni sana!